Watoto wa Flo

Mwaka 1972 nilikuwa kijana, msaidizi wa utafiti Gombe, kaskazini mwa Kigoma. Tulimfuata sokwe mtu tangu anapoamka kiotani alfajiri hadi anapojenga kiota kingine jioni, na kila alichofanya kikaandikwa: amekula tunda la mbula, amejikuna, amemchambua mwenzake manyoya. Tuliambiwa tuandike kilichoonwa na jicho. Ya moyoni tuyaache.

Sharti hilo lilitushinda Agosti mwaka ule, sokwe jike Flo alipofia kwenye kijito cha Kakombe. Alikuwa bibi kizee, meno yamesagika hadi kwenye ufizi. Mtafiti Jane Goodall alimjua tangu miaka ya mwanzo ya utafiti, ulioanza Julai 1960. Flint, mwanawe, alikuwa na miaka minane na ushei. Sokwe wa umri huo hulala peke yake, lakini yeye bado alilala na mama yake, na pengine alitaka kubebwa mgongoni.

Aliilinda maiti. Kisha akapanda mti, akasimama kwenye tawi akikitazama kiota walichokuwa wakilala pamoja, akashuka taratibu. Akaacha kula, macho yakaingia ndani. Wiki nne hazikutimia, akafa karibu na pale alipofia mama yake. Wataalamu walieleza kwamba majonzi huudhoofisha mwili usiweze kupambana na maradhi. Mimi nasema alikufa kwa msiba, na sioni haya kulisema.

Kaka zake Flint walikuwa madume wakubwa: Faben, aliyepooza mkono kwa polio ya 1966, na Figan, aliyekuja kuwa kiongozi. Wakati huo jamii ilikuwa imegawanyika, wengine wamehamia kusini, bonde la Kahama. Madume wa Kasakela, yaani kundi lililobaki, walipokaribia mpaka walinyamaza kabisa. Walinusa majani, wakaokota makombo ya matunda wakayanusa pia. Kijiti kikivunjika, manyoya yaliwasimama, wakashikana.

Januari 1974 walimvamia Godi, dume wa Kahama. Februari 1975 ikawa zamu ya Goliath, naye wa Kahama, mzee aliyekonda, aliyewahi kuwa kiongozi wao kabla hawajatengana. Alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono. Figan alikuwamo. Faben pia alikuwamo, na alimpinda mguu kwa nguvu zote. Wote wawili ni watoto wa Flo, na Goliath walimjua tangu utotoni.

Mei mwaka huohuo watu wenye silaha walivuka ziwa kutoka Zaire, wakateka vijana wanne wa utafiti. Waliachiwa baadaye, lakini watafiti wa kigeni walikuwa wameshaondoka. Tukabaki wenyeji. Kila asubuhi tulipanda mabonde na madaftari yetu, tukiandika kwa Kiswahili nani amekwenda na nani, nani amempiga nani, hadi dume wa mwisho wa Kahama alipouawa mwishoni mwa 1977.