Sahihi ya Jumatatu
Karakana ya malori nilikoanzia kazi, Industrial Area, Nairobi, winchi ya umeme ilikuwa na daftari lake. Kila asubuhi unapangusa cheni kwa kitambaa, unapitisha vidole pale pete zinapokutana, maana hapo ndipo chuma huliwa. Unatazama ndoano: mdomo umepanuka? Kilimi kinarudi? Halafu unanyanyua mzigo kidogo tu, unaachilia kitufe, unangoja. Ukishuka, breki imekwisha. Sahihi huja mwisho.

Jumatatu moja niliianza hiyo sahihi. Matatu ilikuwa imenichelewesha, na dereva wa lori alikuwa anapiga kelele, si unajua madereva. Tukafunga injini, nikabonyeza, ikapanda hadi usawa wa kifua. Nikaachilia kitufe. Ikaanza kushuka, polepole, kimya kabisa. Mwenzangu alikuwa ameinama chini yake, anatafuta bolti.

Mzee wetu alimvuta kwa ukosi wa ovaroli.

“Kijana, leta daftari.”

Akasoma tarehe, akasoma jina langu, akanitazama. Kwa meneja hakusema kitu. Alizima swichi kuu, akaipiga kufuli, ufunguo akatia mfukoni, ndipo tukafungua breki. Diski zilikuwa zimelika. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inataka mashine hizi zichunguzwe na mtu aliyeidhinishwa, lakini huyo huja akaenda. Asubuhi zilikuwa zetu.

Saa nne nilikula chapati na mwenzangu. Alilaani mashine ile mpaka chai ikaisha. Nikaitikia.