Picha ya Daraja Ukutani

Wanawake wengi tunaoishi hapa Kenol tunajua maana ya kuwa na mume wa simu. Mji wetu ulipata jina kutokana na kituo cha petroli, na hadi leo ni mahali pa watu kupita. Bwanangu naye alipita. Alipata kazi kisiwani Mombasa, akapanga chumba Likoni, na nyumbani huja Pasaka na Desemba.

Mwaka jana niliona picha ya daraja la Liwatoni katika duka moja la fremu mjini Thika. Ni lile daraja la miguu lililoelea majini, urefu wake zaidi ya mita 800, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu. Wapitaji walianza kulitumia Januari 1, 2021, ili msongamano wa feri ya Likoni upungue wakati wa korona. Watu walivuka asubuhi na jioni. Sehemu ya katikati ilifunguka kupisha meli. Bwanangu alilivuka kila siku ya kazi.

Bei ilikuwa Sh4,500. Muuzaji alinieleza kuwa hii si picha ya kalenda. Ilichapwa juu ya karatasi ya pamba, kwa wino usiopauka upesi, na mpiga picha alitia sahihi kwa penseli na nambari 9/40, yaani nakala ya tisa kati ya arobaini. Nililipa kwa pesa za chama, zamu yangu ilipofika.

Mama mkwe alitikisa kichwa. "Mbolea je? Na fimbo ya mbali haiui nyoka," alisema. Sikumjibu. Niliitundika mbali na dirisha, maana jua hula rangi.

Desemba ilipofika, watoto, ambao humwamkua baba yao kisha wakatorokea nje kana kwamba ni mgeni, walimvuta hadi ukutani.

"Baba, ulikuwa ukipita wapi?"

Aliwaonyesha kwa kidole. Aliwasimulia kuhusu giza la alfajiri na umati uliokuwa ukikimbilia kazini.

"Uliogopa?" kitinda mimba aliuliza.

"Siku ya kwanza, sana."

Hawakuwa wamewahi kumsikia akisema anaogopa kitu. Mama mkwe alivuta kiti, akasogea karibu.

Kina mama wenzangu, baba akiwa mbali, tundikeni ukutani kitu cha maisha yake. Akirudi, watoto watakuwa na pa kuanzia mazungumzo.