Senema Nyumbani kwa Fedha Kidogo

Hapa kwetu Katuba, mjini Lubumbashi, kijana ambaye kwao hakuna kitu cha kutazama jioni hakai nyumbani. Atatafuta pengine. Kijana wetu wa kwanza, mwenye miaka kumi na sita, alipapata: nyumba moja ya mabati ambamo watu hulipa franka chache, wakatazama mpira na filamu za vita mpaka usiku wa manane. Tulimkanya mara ya kwanza, tukamkanya mara ya pili. Siku moja ya mwezi wa sita alirudi saa sita za usiku, mdomo umepasuka, hana viatu wala simu. Watu wenye visu walimngojea njiani penye giza. Tulimwosha uso pasipo kusema neno, na usiku ule hatukulala. Tukaulizana sisi kwa sisi, mume na mke: Je, nyumba yetu ina kitu gani cha kumfanya mtoto apende kubaki?

Televisheni yetu ilikuwa ndogo, nayo ilikuwa na mstari mweusi katikati, hata mchezaji akipita hapo alipotea kichwa. Televisheni kubwa tuliziona dukani, tukauliza bei, tukaaga kwa adabu. Ndipo tulipoanza kufikiri juu ya projekta, yaani mashini ile inayotupa picha ukutani.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Wazee wetu walilijua zamani za misioni, wakati mapadri walipozunguka na mashini ya senema, wakatanda shuka nyeupe penye uwanja, na watu wakaketi chini mpaka mwisho. Padri Albert Van Haelst, wa shirika la Scheut, alitengeneza huko Kasai, katika miaka ya 1950, filamu za kuchekesha za Matamata na Pilipili, na wako wazee ambao hata leo ukitaja majina hayo mawili wataanza kucheka kabla hujasema neno la tatu. Tofauti ni hii: zamani mashini ilikuwa mali ya misioni, nayo ilihitaji fundi wake, leo baba wa nyumba anaweza kuibeba mkononi.

Basi tulitenga dola 250. Tusiwafiche: fedha hizo zilikuwa zimewekwa kwa ajili ya mabati ya jiko, maana paa lake linavuja. Tulisema, mvua za mwezi wa kumi na moja bado ziko mbali.

Mmoja wetu (hatutasema nani, ila ndiye mwenye kunyoa ndevu) alikwenda mjini peke yake, akarudi na sanduku zuri lenye maandishi ya dhahabu. Juu yake palisomeka: lumeni 9000, 4K. Bei ilikuwa dola 80. Alifurahi sana kwa kuokoa fedha. Jioni watoto wa jirani walikuja, wakaketi mkekani, tukazima taa. Kumbe! Picha ilikuwa hafifu kama chai iliyotiwa maji mara tatu. Uso wa mtu hukuweza kuutambua ila akiwa amesimama juani. Katikati paliwezekana kidogo, lakini kwenye pembe maandishi yote yalikuwa ukungu. Watoto wa jirani walivumilia nusu saa, wakaaga mmoja mmoja. Kesho yake tuliirudisha dukani. Muuzaji akatujibu, «Papa, sanduku limefunguliwa,» akageuka kumsikiliza mteja mwingine. Yule wa pili kati yetu hakusema neno kwa siku mbili, ila «chakula tayari». Na Jumamosi ile ile kijana alitoka tena, akaenda kwenye nyumba ya mabati. Hilo lilituuma kuliko dola 80.

Tangu hapo tuliazimu kujifunza kwanza, na kununua baadaye.

Nguvu ya mwanga wa mashini hizi hupimwa kwa lumeni. Lakini iko lumeni, na iko lumeni. Watengenezaji waaminifu hufuata kanuni ya ANSI ya Marekani, au kanuni ya ISO yenye hesabu 21118: huonyesha picha nyeupe tupu, hupima mwanga mahali tisa juu ya skrini, kisha huchukua wastani. Wengine huhesabu mwanga wa taa iliyo ndani ya mashini, kabla haujapita katika vioo, na wengine huandika tu hesabu inayowapendeza. Utawatambuaje? Sisi tulifundishwa na mwalimu mmoja wa fizikia, naye hakuhitaji chombo chochote. Alisema, «Igeuzeni mashini, msome kibandiko cha nyuma.» Tukasoma: wati 50. Akasema tena, «Taa nzuri ya LED hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Fanyeni hesabu.» Binti yetu wa miaka kumi na miwili ndiye aliyejibu wa kwanza: 5000. Yaani hata kama mashini nzima ingekuwa taa tupu, bila feni, bila spika, bila mwanga hata kidogo kupotea njiani, isingeweza kufika 9000. Na kwa kweli sehemu kubwa ya mwanga hupotea ndani, katika vichujio na vioo, kabla haujafika ukutani. Tungalisoma kibandiko kile dukani, dola 80 zingalibaki mfukoni.

Je, mwanga wa kutosha ni kiasi gani? Hapa tulipata faraja, maana hauhitajiki mwingi kama tulivyodhani. Picha ya upana wa meta 2, kwa umbo la siku hizi la 16 kwa 9, ina eneo la meta za mraba 2 na robo. Nyumba za senema za kidijitali hulenga mwanga wa kandela 48 kwa kila meta ya mraba. Kwa picha yetu, juu ya ukuta mweupe usiong'aa, chumba kikiwa na giza kamili, hesabu hiyo yaangukia karibu lumeni 340 za kweli. Basi mtu mwenye lumeni 400 za ANSI anaweza kuketi kwa raha usiku. Mchana, madirisha yakiwa wazi, asahau. Tena asitamani ukuta mzima: ukiongeza upana mara mbili, eneo hukua mara nne, na mwanga ule ule hutandazwa hata kubaki robo.

Neno la pili ni nukta. Picha ya mashini hufanywa kwa nukta ndogo zilizopangwa safu kwa safu. Sanduku letu la dhahabu liliandika 4K, na maana yake, kama tulivyofahamu baadaye, ni kwamba mashini ilikubali kupokea filamu ya 4K. Kuionyesha ni jambo jingine. Ndani yake mlikuwa na nukta 800 kwa 480 tu, yaani 384,000, ambapo picha kamili ya 1920 kwa 1080 ina zaidi ya milioni mbili. Mgeni kumi wamekaribishwa, viti viwili. Swali la kumuuliza muuzaji si «Inapokea nini?» bali «Nukta zake halisi ni ngapi?» Akianza kuzungusha maneno, umekwisha kujibiwa.

Wakati ule tulisikia kwamba ofisi moja yauza mashini yake ya zamani, ya taa kubwa, yenye lumeni 3000, kwa dola 120. Tulikimbia. Ilikuwa nzito na imara, nayo iliandikwa jina linaloheshimika, na mwanga wake ulitushangaza hata mchana. Karibu tulipe. Lakini safari hii tulikuwa wawili. Yule asiyenyoa ndevu aliomba waonyeshe ukurasa mweupe tupu, na hapo tukaona doa la manjano upande wa kushoto, kubwa kama sahani; vichujio vilikuwa vimeungua kwa joto la miaka mingi. Tulipofungua orodha ya mashini tukasoma saa za taa: 3800, na taa za namna ile mara nyingi hupewa maisha ya saa 3000 mpaka 5000. Taa mpya ingetutoka fedha nyingine.

Tena kulikuwa na jambo la umeme, ambalo kwetu ndilo la kwanza. Taa kubwa hupata moto sana, na feni huendelea kuipoza baada ya kuzimwa. Umeme ukikatika ghafla, kama ukatikavyo hapa kwetu, taa hubaki na joto lake na hufupishwa maisha. Nyumbani tuna paneli moja ya jua na betri ya volti 12, ampea-saa 100. Hiyo ni wati-saa 1200, lakini betri ya risasi haipendi kumalizwa, basi tuhesabu nusu, 600. Mashini ile ya ofisi ilikula wati 280: saa mbili, na filamu haijaisha. Mashini ndogo ya LED ya wati 75 ingekwenda saa sita na zaidi, hata ukitoa upotevu. Tulishukuru, tukaondoka. Ziko pia mashini za namna ya DLP, zenye vioo vidogo mno vinavyogeuka-geuka. Ni nzuri, ila zile zenye kufaa zilipita mfuko wetu, na watu wengine huona humo rangi za upinde wa mvua zikipita machoni.

Zilibaki dola 170. Mama mmoja mwenye duka dogo mjini alikuwa na mashini ya LED, nukta halisi 1920 kwa 1080, lumeni 400 za ANSI, wati 75, na sehemu ya ndani imefungwa vumbi lisiingie. Hilo la vumbi si dogo kwa mtu aijuaye kiangazi ya Lubumbashi, wakati hata sukari hugeuka nyekundu. Bei dola 165. Tukabishana mpaka 155. Lakini kabla ya kulipa tulimwomba radhi, tukamwambia yaliyotupata. Hakukasirika. Alifunga mlango, akaangusha pazia, akasema, «Tazameni mpaka mridhike.» Binti yetu alitoa flashi ya USB ambayo alikuwa ametia ukurasa wa somo lake la jiografia, maandishi madogo madogo, maana alisema filamu nzuri hudanganya macho, lakini herufi haidanganyi. Tulisoma katikati, tukasoma pembe nne. Pembe ya chini kulia ilikuwa na ukungu kidogo. Tukakubali.

Nyumbani tulipima chumba kwa utepe. Mashini hii, ili itoe picha ya upana wa meta 2, yataka umbali wa meta 2 na senti 60, na chumba chetu kina meta 3 na nusu. Tukaiweka juu ya rafu, imelala sawasawa, ikitazama ukuta uso kwa uso. Iko kifaa cha kunyosha picha iliyopinda, lakini kinaifinya picha na kutupa sehemu ya nukta ulizozilipia, basi afadhali rafu. Shuka tuliijaribu, kwa heshima ya wazee, tukaona mwanga wapenya upande wa pili na upepo waichezesha. Tukanunua rangi nyeupe isiyong'aa kwa dola 12, kijana akaupaka ukuta mara mbili. Sauti ya mashini yenyewe ni ya nzi ndani ya chupa. Tuliiunga kwa waya na redio yetu kuukuu, na sasa jirani wanasikia kuliko tunavyotaka. Fedha zikabaki dola tatu.

Jioni ya kwanza kijana aliketi karibu na mlango, viatu miguuni, kama mtu wa kupita. Tulikuwa tumepata mchezo wa Desemba 2010 huko Abu Dhabi, TP Mazembe na Internacional ya Brazili, nusu fainali ya vilabu vya dunia. Wakati ule yeye alikuwa mtoto wa kunyonya. Amesikia habari zake maisha yake yote, asizione ila katika simu. Kabangu alipofunga, na golikipa Kidiaba akaanza kurukaruka kwa makalio uwanjani, mkubwa kama mtu mzima juu ya ukuta wetu, nyanya yao alicheka hata akajifuta machozi kwa kitambaa. Kabla ya bao la Kaluyituka umeme ulikatika. Kijana akainuka gizani pasipo kuambiwa, akaiunga betri, akarudi. Safari hii aliketi mkekani, amevua viatu.

Mwezi wa kumi na moja mvua ilikuja kama ilivyoahidi. Jumamosi moja, wenzake wanne wakiwa wamekaa kwetu wakitazama, tulisikia maji yakianza kudondoka jikoni. Alitoka, akaweka sufuria mbili na beseni chini ya paa, akarudi mahali pake, akauliza alichokikosa.