Siku ya Nne ya Mgeni

Wiki iliyopita nilikwenda Same kwa ajili ya msaragambo. Kwa msomaji asiyeifahamu milima ya Upare, msaragambo ni kazi ya pamoja ya kijiji: kila kaya hutoa mtu na jembe lake, na asiyetokea hutozwa faini. Safari hii tulikuwa tukizoa tope ndani ya ndiva, bwawa dogo la udongo na mawe lililoko juu ya Bangalala, ambalo nusu ya ukingo wake ilijengwa na babu yangu mzaa baba. Nilishika jembe kwa muda wa saa mbili tu, mikono ya mhadhiri ikachubuka, vijana wakanicheka. Nilipoketi kupumzika nikamkumbuka mzee huyo, aliyetutoka mwaka 2019 akiwa na umri wa miaka tisini na mitano hivi. Nikakumbuka pia swali aliloulizwa mwishoni mwa maisha yake, ambalo hadi leo linanikera.

Babu hakuzaliwa Mpare. Alizaliwa Taita, ng'ambo ya mpaka, na Chasu chake kilibaki na lafudhi ya Kidawida hadi siku alipofumba macho. Mwaka 1943 alipanda treni Voi, akapita Taveta hadi Kahe, katika reli ambayo Waingereza waliitandika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili majeshi yao yaingie katika koloni la Wajerumani. Hapo Kahe akabadili treni, akashuka Same. Mwenyewe hakuhisi kwamba amehama nchi. Mtawala alikuwa mmoja, shilingi ilikuwa moja, na milima aliyoiona kutoka dirishani ilifanana na ile aliyoiacha nyuma. Alichokuwa akitafuta ni kazi, akaipata katika genge la vibarua waliotunza njia ya reli.

Kazini humo fundi mmoja Kalasinga alimfundisha kutumia pimamaji. Babu hakuwahi kukaa darasani zaidi ya miaka miwili, lakini aliielewa ile bilauri ndogo yenye kiputo cha hewa kuliko wengi wetu tunavyoielewa hisabati tuliyoisomea. Alikuwa akisema kwamba jicho la binadamu ni mwongo likiwa mlimani: huona mteremko pasipo na mteremko, na huona tambarare mahali ambapo maji yangekimbia kama mwizi.

Januari 1945 maelfu ya wanaume walishuka kutoka milimani wakapiga kambi Same, makao ya wilaya, kuipinga kodi mpya iliyoitwa mbiru, ambayo kiwango chake kilitegemea makadirio ya mali ya kila mlipaji. Walikaa pale wakidai kusikilizwa, na wake zao na binti zao wakawa wanawaletea chakula. Miongoni mwa hao binti alikuwamo bibi yangu, aliyeshuka na chungu cha makande kwa ajili ya baba yake. Babu alipenda kutueleza kwamba Waingereza walimkadiria kila mtu mali yake wakasahau kumkadiria yeye, maana mali yake ilikuwa bado iko njiani imebeba chungu kichwani. Mvutano ule uliendelea kwa miaka miwili hivi kabla serikali haijaiondoa kodi hiyo. Wakati huo Babu alikwisha kuoa, ameacha reli, na amepandisha mlima kwenda kwa wakwe zake, pimamaji ikiwa ndani ya mfuko wa shati.

Inafaa nieleze ndiva hufanya kazi gani, kwa sababu wapo wasomi wanaodhani ni dimbwi tu. Chemchemi nyingi za upande ule wa Upare zina maji kidogo. Ukiyaachia maji hayo mferejini jinsi yalivyo, ardhi huyanywa yote kabla hayajafika shambani. Wazee wakagundua kwamba yakikusanywa usiku kucha na kufunguliwa kwa pamoja alfajiri, hupata nguvu ya kufika mbali. Ndiva, kwa hiyo, huongeza nguvu ya maji bila kuongeza hata tone moja. Elimu hiyo Wapare walikuwa nayo kabla Babu hajazaliwa, na yeye hakuwafundisha. Alichoongeza ni mahali pa kupitisha mfereji mpya, uliouzunguka mwamba mmoja ambao waliomtangulia walishindwa kuupita. Alipima kwa pimamaji hatua kwa hatua, kisha, kwa kuwaheshimu wazee, akaachia maji kidogo yatangulie na jembe likafuata nyuma yake, kama walivyozoea wao. Chombo na maji vikakubaliana. Mfereji ule unapitisha maji hadi leo.

Lakini kuchimba mfereji ni jambo moja, na kupewa zamu ya kuufungua ni jambo jingine. Kwa miaka mingi Babu alijenga na kukarabati, ila siku ya kugawa maji alikaa pembeni, na zamu ya nyumba yake iliandikwa kwa jina la shemeji yake. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Naye jembe alipewa, akalitumia barabara. Methali yenyewe inaishia hapo. Haisemi ni siku gani, baada ya jembe, mgeni huacha kuwa mgeni.

Kwake yeye siku hiyo ilikuja kwa njia ya Kipare hasa. Watani wetu husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Siku moja jirani alichepusha maji usiku, katika zamu ya nyumba yetu. Babu akampeleka barazani, akabishana naye tangu asubuhi hadi jua kuchwa, akakataa suluhu mara tatu, na mwisho akashinda. Wazee wakacheka, wakasema huyu sasa ni wetu, mgeni hana ukaidi wa namna hii. Msimu uliofuata zamu ikaandikwa kwa jina lake mwenyewe.

Dola ilikuwa na kalenda yake tofauti. Mpaka kati ya Taita na Upare ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani huko Ulaya, wala hakuna mtu wa Taita wala wa Same aliyeulizwa. Ulikuja kupata maana kamili katika maisha ya Babu mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na Tanzania ikaufunga mpaka wake na Kenya. Mama yake alifariki mwaka 1979. Habari zilimfikia baada ya wiki kadhaa, kupitia kwa mfanyabiashara aliyekuwa akivuka kwa njia za porini. Mpaka ulipofunguliwa tena mwaka 1983, Babu alikwenda kuliona kaburi ambalo majani yalikwisha kulifunika. Sikuwahi kumsikia akilaumu serikali ya upande wowote. Alisema tu kwamba reli ile aliyokuja nayo ilikuwa fupi kuliko alivyodhani.

Katika miaka yake ya mwisho alihitaji hati fulani, nami nikampeleka katika ofisi moja ya umma. Afisa aliyetupokea alikuwa kijana mwenye adabu. Alimwamkia, akampa kiti, kisha akamwuliza alizaliwa wapi.

"Taita," Babu akajibu.

"Kwa hiyo, Mzee, wewe ni mgeni."

"Ndiyo, mwanangu. Nilifika mwaka 1943. Wewe ulifika lini?"

Kijana alicheka, nasi tukacheka. Hata hivyo jalada lilifungwa. Tuliambiwa turudi na ushahidi wa kuzaliwa kwa wazazi wake, watu ambao hakuna aliyewaandika popote. Babu alifariki kabla hatujapata cha kurudi nacho.

Sitaki kumlaumu kijana yule. Alisimamia sheria, na taifa lisilojua nani ni raia wake haliwezi kupanga chochote. Uhuru ulipokaribia, waliozaliwa nje walitakiwa kuomba uraia. Babu hakuomba, kwa kuwa hakuna aliyemweleza, na kwa kuwa mtu haombi kuingia ndani ya nyumba anayolala. Lakini nakumbuka pia mjadala wa uraia bungeni mnamo Oktoba 1961. Baadhi ya wabunge walitaka rangi ya ngozi iwe kipimo cha uraia. Mwalimu Nyerere aliwapinga kwa ukali, na akawa tayari serikali yake ijiuzulu kuliko kuikubali hoja hiyo. Kwake uraia ulipimwa kwa utii wa mtu kwa nchi, na si kwa asili yake.

Je, tumebaki hapo? Mwaka 2001 mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyekwisha kuwa mbunge na mkuu wa wilaya katika nchi hii, aliambiwa kwamba si raia. Tangu hapo tumezoea kusikia swali la uraia likiibuka pale mtu anapoikosoa serikali. Swali linaloulizwa kwa msimu namna hiyo huwa limeacha kuwa la kisheria. Na madhara yake hayaishii kwa watu mashuhuri. Humfundisha afisa wa chini kwamba usalama wake uko katika kushuku, na atakayelipia ni mzee wa Bangalala.

Pendekezo langu ni dogo. Wazee waliokuwa wakiishi hapa kabla ya tarehe 9 Desemba 1961 wamebaki wachache. Wapewe njia ya wazi na isiyo na malipo, ambayo ushahidi wake ni kijiji chenyewe: daftari la zamu za maji, baraza la wazee, majirani walioshika nao jembe. Watu hao wanajua nani ni wao, pengine kuliko jalada lolote.

Jioni ile ya msaragambo tulimaliza kuzoa tope, tukaziba mlango wa ndiva. Kulipopambazuka maji yalikuwa yamefika kwenye alama ya jiwe. Zamu ya kwanza ilikuwa ya nyumba yetu, na katika daftari jina lililoandikwa lilikuwa bado ni la Babu. Nilimwuliza katibu kwa nini hajalibadilisha. Akaniambia hakuna aliyemwambia alifute.