Mto Wetu Unapoishia

Maji ya Mto Pangani yapitayo Korogwe huishia baharini, katika mji mkongwe wenye jina hilohilo, aliponyongwa Abushiri bin Salim mwaka 1889 kwa kuwapinga Wajerumani. Huko ndiko tunakopanga, inshaallah, kuzipeleka familia za Handeni na Korogwe zikapumzike. Tutaondoka baada ya Alfajiri, tupitie Segera na Muheza. Wapo waliopendekeza wazee wabaki ili viti vya basi vitoshe. Tumekataa. Bibi zetu waliozeeka kando ya mto huu bila kuiona bahari ndio watakaoketi mbele; sisi vijana tutabanana nyuma. Tukistarehe huku wazazi tumewaacha nyumbani, tutamwomba Mola baraka ipi?