Zanzibar kwa Kamera Mbili

Msomaji wangu, kama unamiliki kamera ile kubwa ya kubadilisha lenzi, yaani DSLR, basi unaijua raha yake na mzigo wake pia. Yangu, pamoja na lenzi ya kila siku, ina kilo moja na robo. Ofisini hiyo si kitu. Sasa ipeleke Mji Mkongwe mwezi wa Februari, saa nane mchana, ining'inie kwenye bega lenye mkoba tayari, halafu uniambie hayo mapenzi ya likizo yanakwendaje.

Mimi na baba watoto tulikuwa tunakwenda Unguja siku nne, wawili tu, mara ya kwanza tangu tuanze kulea. Nikataka kamera ya pili, ndogo, ya kuingia mfukoni na yenye zumu ya maana. Sababu ya kwanza inajulikana: kamera kubwa ikigoma safarini, umekwisha. Sababu ya pili aliitoa mama yangu mzazi siku aliyokuwa anapekua albamu zetu. "Hivi mwanangu, huko mnakokwenda huyu baba huwa anakwenda peke yake?" Yaani miaka saba ya ndoa, Bagamoyo, Lushoto, Mikumi, picha kibao na mimi simo! Mwenzangu ile DSLR haigusi kabisa. Anasema ina vitufe kama chumba cha rubani.

Najua utauliza: simu je? Simu nzuri za siku hizi zinapiga vizuri sana kitu kilicho karibu, hilo sibishi. Ila nyingi, ukivuta cha mbali, zinakata kipande cha picha na kukikuza, basi. Kamera ya safari inavuta kwa lenzi, vioo vya ndani vinasogea kweli. Ndiyo maana ukisoma boksi tafuta zumu ya lenzi, ile ya dijitali ipuuze. Halafu simu ndiyo tiketi, ndiyo hela, ndiyo ya kumpigia bibi aliyebaki na watoto. Ikizima saa kumi jioni kwa ajili ya picha, umejitakia.

Baada ya kuchambua nikabaki na tatu kichwani, zote za mwaka 2018. Canon SX740 HS inavuta mara 40, kutoka 24 mpaka 960 kwa vipimo vya kamera za filamu, na ilitoka kwa dola 400 hivi. Kwenye karatasi ni mshindi. Tatizo ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga: milimita 6 kwa 4 na nusu tu, kwa hiyo jua likizama picha zinajaa chengachenga. Sony RX100 VI ina kipokea mwanga chenye eneo la karibu mara nne ya hicho, na lenzi yake inaingiza mwanga mwingi zaidi. Lakini inaishia 200, na ilitoka kwa dola 1,200. Kwa hela hiyo, bwana, si bora ninunue lenzi nyingine ya kamera niliyonayo?

Katikati ikakaa Panasonic Lumix TZ200. Kipokea mwanga ni cha ukubwa ule ule wa Sony, zumu mara 15, kutoka 24 mpaka 360, uzito gramu 340. Tena ina kitundu cha kuchungulia kwa jicho, ambacho ile Canon haina. Kwa pwani hilo ni jambo kubwa, maana jua la mchana likipiga kioo cha nyuma huoni chochote zaidi ya uso wako mwenyewe.

Niliipata ya mtumba. Na wewe ukinunua ya mtumba, usitoe hela kabla ya jaribio hili. Lenzi za namna hii zinatoka na kurudi ndani, na zikirudi zinaweza kuvuta vumbi. Kwenye DSLR unatoa lenzi, unapuliza. Hizi mpaka fundi aifungue. Basi ubane uwazi wa lenzi mpaka mwisho, piga ukuta mweupe, kuza picha utafute madoa. Muuzaji akinuna, mwache na kamera yake.

Feri kutoka Dar es Salaam ni saa mbili hivi. Vichochoro vya Mji Mkongwe vingine ni vyembamba kiasi kwamba mkiwa wawili mnafuatana. Mlango wa nakshi uko mbele yako na mgongo wako uko ukutani, kwa hiyo ile 24 inafanya kazi kuliko ile 360. Karibu na Darajani tulimkuta bibi mmoja amekaa barazani. Nikamwamkia, shikamoo, nikaomba kumpiga picha. "Upige mlango, mwanangu, mimi uniache." Nikaupiga mlango. Kwa zumu ningeweza kwenda mwisho wa kichochoro na kuuchukua uso wake bila yeye kujua. Kwangu huo ni wizi, hata picha iwe nzuri namna gani. Wapo wageni wanaofanya hivyo mchana kweupe, na wenyeji wanawaona.

Jozani kamera ndogo ilishindwa, lazima niseme. Kima punju, wale ambao porini hawapatikani kokote duniani nje ya Zanzibar, wanarukaruka kwenye giza la majani, na TZ200 ukiivuta mpaka mwisho uwazi wake unabaki 6.4. Watoto wa kima wakatoka ukungu mtupu. Pale DSLR, yenye kipokea mwanga cha eneo mara tatu zaidi, ilinipa manyoya, macho, kila kitu.

Siku ya tatu, Nungwi, mkubwa akagoma. Neno la kosa kwenye kioo, kisha kimya mpaka tuliporudi bara kwa fundi. Nikamgeukia mwenzangu: nipe hiyo ndogo. Akakataa! Alikuwa nayo mkononi tangu asubuhi, anavuta ngalawa zilizoko mbali, ananionyesha kila moja. "Mama Nasra, wewe pumzika. Leo mimi ndiye mpiga picha." Nilikasirika dakika kumi hivi, nisidanganye. Kisha nikavua viatu nikaingia majini, mikono mitupu, nikakaa huko mpaka vidole vikajikunja.

Jioni ya mwisho tulikuwa Forodhani. Jua linazama baharini, vijana wanaruka ukutani kujitosa, na nyuma yetu Beit al-Ajaib, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Picha aliyopiga hapo imepinda. Kichwa cha muuza juisi ya miwa kimekatika, na jua lenyewe halimo. Mimi nimo, katikati, glasi mkononi, nacheka na mtu asiyeonekana. Nimeisafisha kwa ukubwa wa ukuta. Mama alipoiona aliuliza jambo moja tu: hiyo gauni niliitoa wapi.