Sambusa za Kuchemsha

Nimepotea, najua. Mara ya mwisho niliandika hapa kuhusu kuhamisha hifadhidata bila kuzima tovuti, nikaahidi sehemu ya pili "wiki ijayo". Wiki ijayo imeshapita mara sita. Sehemu ya pili inakuja, lakini leo naandika kuhusu supu. Msishangae, kompyuta zitaingia humu humu.

Habari yenyewe ni hii. Mwezi uliopita mama alikuja Nairobi kutoka Mombasa kumwona daktari wa viungo. Vidole vyake vimevimba, na asubuhi havikunjiki. Mama yangu ni muuza sambusa. Alianza mwaka 2004, mimi nikiwa darasa la kwanza, na karo yangu yote mpaka shahada ya sayansi ya kompyuta ilitoka kwenye karai lile. Na mama hanunui manda. Huzitengeneza mwenyewe: hukanda unga, husukuma viduara, huvipaka mafuta na kuvinyunyizia unga, huvipanga kimoja juu ya kingine, huvisukuma tena kwa pamoja mpaka viwe vyembamba, huvipasha kidogo juu ya chuma cha chapati, halafu huviambua kimoja kimoja vikiwa bado moto. Hapo pa kuambua ndipo vidole vinapohitajika. Na ndipo vilipomkatalia.

Daktari alimpa dawa, akamwambia apumzishe mikono. Mama akatoka kimya. Tulipokaa kwenye matatu akaniambia, "Basi, ile kazi imekwisha." Alisema hilo tu, akageuka kutazama nje.

Kana kwamba hayo hayatoshi, siku mbili baadaye magego yakaanza kumuuma, na mawili yakang'olewa. Chakula laini, kisicho moto sana, kwa siku kadhaa. Sasa nyumba ya kapera ina chakula gani laini? Uji. Siku ya kwanza uji, siku ya pili uji. Siku ya tatu alikitazama kikombe, akaniuliza kama huku Nairobi watu hawali.

Ndipo nikakumbuka pakiti iliyokuwa kwenye friza. Kuna duka moja la Wachina huku Kilimani ambako hununua vile vinyama vilivyofungwa ndani ya unga, vimeshagandishwa tayari, kwa ajili ya zile siku ambazo kazi inatakiwa kesho na mimi sijala. Wachina huviita jiaozi. Wajapani wana gyoza, Wakorea wana mandu, Wanepali wana momo na Warusi wana pelmeni, kwa hivyo ni wazo ambalo watu wengi wamelifikia. Vingi vya madukani huwa na nyama ya nguruwe, kwa hivyo soma pakiti vizuri. Vyangu vilikuwa vya kuku, vyenye muhuri wa halali. Mama aliviona akasema, "Kumbe ni sambusa za kuchemsha." Jina limebaki hilo.

Supu yenyewe ni ya njia ya mkato tangu mwanzo hadi mwisho. Kaanga kitunguu saumu na tangawizi kwa mafuta kidogo. Tia maji lita moja na nusu, vipande viwili vya mchuzi wa kuku vile vya dukani, karoti iliyokatwa nyembamba na kijiko kimoja cha soya sosi. Yakichemka, tia sambusa zako moja kwa moja kutoka kwenye friza. Usiziache ziyeyuke kwanza, maana ngozi hunyonya unyevu, hushikana na kuchanika. Mwishoni tia spinachi na vitunguu vya majani, kamulia ndimu. Dakika ishirini umemaliza.

Pakiti ilisema dakika 6. Nikaweka kengele ya simu kwa dakika 6, kama mtu anayefuata maelekezo. Nikapakua, nikasubiri ipoe, nikamwekea mama mbele yake. Akaikata moja kwa kijiko. Nje laini kabisa. Katikati nyama ilikuwa bado nyeupe ya barafu.

Akaweka kijiko chini. Hakusema kitu.

Mimi nikaanza kutoa mhadhara. Nikamweleza kwamba Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na kwamba kiwango cha kuchemka kwa maji hushuka kama nyuzi moja kwa kila mita 300 unazopanda. Mombasa maji huchemka kwenye nyuzi 100, hapa ni kama nyuzi 94. Yule aliyeandika pakiti hakuwa na Nairobi akilini. Ni lile tatizo letu la kila siku: programu inafanya kazi kwenye kompyuta yangu, ikifika kwa mteja inakufa, kwa sababu mazingira ni tofauti. Nilikuwa nimefurahi sana na maelezo yangu.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza, "Na hizo dakika sita, mwanangu, ulianza kuzihesabu lini?"

"Nilipozitia."

"Maji yalikuwa yakichemka?"

"Kabla sijazitia, ndiyo."

"Na baada ya kuzitia?"

Nikanyamaza. Nilitia sambusa ishirini zenye barafu, maji yakatulia kama ya mtungini, na saa yangu ilikuwa imeshaanza kukimbia. Pengine zilipata dakika mbili tu za kuchemka kweli. Mwinuko wa Nairobi huongeza dakika moja au mbili hivi, huo ni ukweli, lakini mdudu hakuwa huko. Mdudu alikuwa kwenye mstari wa kwanza kabisa, pale nilipoanzisha saa. Ni mara ngapi nimekesha nikilaumu seva, kumbe kosa ni langu na liko juu kabisa ya faili?

Akainuka mwenyewe, akairudisha sufuria kwenye gesi, akaomba kikombe cha maji baridi. Kila supu ilipopanda na kuanza kuzirusha, alimwaga kidogo ikatulia, kisha akaiacha ipande tena. "Unga ukichemshwa kwa fujo hupasuka," alisema. Baadaye nilisoma kwamba Wachina nao wana desturi hiyo hiyo, ya kuongeza maji baridi mara tatu. Sababu ni kwamba ngozi ya ngano huiva upesi, wanga wake huanza kuvimba kwenye nyuzi 60 hivi, lakini nyama ya kuku ndani inapaswa kufika nyuzi 74. Maji baridi huipa nyama muda bila ngozi kupigwapigwa. Mama hajawahi kuona jiaozi maishani mwake, lakini unga anaujua.

Safari hii alikula sita. Halafu akauliza ni nani aliyezifunga. Nikamwambia ni mashine, kiwandani.

"Kwa hivyo wewe hukupika. Umepasha."

Nikajitetea. Nikamwambia kazini kwangu hakuna anayeandika kila kitu mwenyewe. Nywila za watu, kwa mfano, sizisimbi kwa kodi yangu. Natumia maktaba iliyoandikwa na watu wanaojua kuliko mimi, na ningefanya vingine ningefukuzwa. Kwa nini yeye aone aibu kununua manda?

"Na hicho kiwanda kikifunga?"

Wale wa fani mtacheka. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja aliondoa kwenye hazina ya npm kifurushi kidogo kiitwacho left-pad, mistari 11 tu, na miradi mingi duniani ikashindwa kujengwa kwa sababu ilikuwa imekiegemea bila hata kujua. Mama aliuliza swali hilo hilo akiwa mezani kwangu, hana magego mawili. Nikakubali kwamba ameshinda.

Ndipo nikasema nililokuwa nalo moyoni tangu siku ya matatu. Kwamba apumzike tu. Mimi sasa nina kazi, nitamtumia pesa kila mwezi, hana haja ya karai tena. Nilidhani nampa zawadi.

Akazungusha kijiko kwenye bakuli kwa muda. "Na mimi nitakuwa nani?" akauliza.

Sikuwa na jibu, na bado sina. Niliosha vyombo. Nilikuwa nimemhesabia mikono yake, dawa zake na nauli yake, lakini hilo sikuwa nimelihesabu.

Alirudi Mombasa Jumamosi iliyofuata. Wiki iliyopita akanipigia simu, akaanza kwa habari za mvua na za majirani, halafu akapunguza sauti. Amenunua pakiti mbili za manda za dukani. Nisimwambie mtu. Za kwanza zilimkaukia na kuvunjika kwenye pembe, sasa anazifunika kitambaa chenye unyevu. Nyama na bizari ni zake kama siku zote.

Nikamuuliza kama kuna mteja aliyegundua.

"Mmoja. Aliuliza kama nimebadilisha kitu. Nikamwambia kilichobadilika ni mkono."

Kisha akasema za nyumbani, zile za kula yeye mwenyewe, ataendelea kuzisukuma siku ambazo vidole vinakubali. Akaniuliza kama nimejifunza kuhesabu dakika.

Nimejifunza. Subirini maji yachemke tena, ndipo muanze saa, na kama mko bara ongezeni dakika moja au mbili. Sehemu ya pili ya hifadhidata, wiki ijayo. Kweli.